Kitambaa cha Dirisha la Mzee Koki

Mama Pindo alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: aliota macho wazi. Hakuwa mvivu, asisingiziwe. Mikono yake haikukaa. Lakini mikono ikishaizoea kazi, akili hukosa la kufanya, na akili yake ilikuwa na tabia ya kuondoka bila kuaga. Alikuwa akianza kushona mkono wa gauni, na kabla hajafika kwenye kiwiko ameshamwona mwenye gauni anashuka ngazi za ukumbi wenye taa nyingi, anacheka na mtu ambaye si mumewe. "Mama Pindo, umenisikia?" mteja angeuliza. "Nimekusikia, mwanangu," angejibu, na hakusikia hata neno.

Cherehani yake ilikaa chini ya ngazi za nje, kwenye ua wa nyumba ndefu ya ghorofa moja. Vyumba vilikuwa chini na juu, na milango yote ilitazama uani, hivi kwamba ukipiga chafya wa chumba cha mwisho anakuombea afya. Jina la Pindo alipewa na majirani kwa sababu hakuweza kuona nguo iliyofumuka pindo akanyamaza. Alikuwa akikusimamisha unapokwenda kazini, anakwambia "Tulia hapo hapo," na sindano ameshaichomoa kwenye ukosi wake. Mumewe alifariki zamani. Binti yake aliolewa mbali na hupiga simu siku za mapumziko. Yeye mwenyewe alilala juu, na ili afike chumbani kwake ilimbidi apite dirishani kwa Mzee Koki.

Mzee Koki alikuwa fundi bomba mstaafu, mwenye viganja vipana na maneno machache, na hayo machache mengi yalikuwa ya kulalamika. Alishafunga mabomba ya nyumba nyingi kiasi kwamba akipita njiani husikiliza kuta. Mkewe alikwenda kwa Mola, watoto hakujaaliwa, na kilichobaki kumzungumzisha ni redio. Haikuzimwa mchana wala usiku. Alisema inamfukuzia panya, ingawa ua mzima ulijua inamfukuzia upweke.

Yeye na Mama Pindo walikuwa na mapatano yasiyoandikwa. Bomba la mama likianza kudondosha, mzee alikuja na spana bila kuitwa. Shati la mzee likipoteza kifungo, lilitoweka kwenye kamba na kurudi limeshonwa.

"Mzee Koki, huo ukosi wako umekaa kama sikio la mbuzi."

"Mbuzi hana fundi karibu. Mimi ninaye, lakini amelala kwenye cherehani."

Majirani walikuwa na lao. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo liko njiani. Wenyewe hawakuthibitisha wala kukanusha. Umri ule mtu hana haraka ya kulipatia jambo jina.

Sasa, habari ya vitambaa. Utaratibu ule ulizaliwa na aibu. Katika kile chumba cha mwisho kule chini aliishi bibi mmoja mfuaji nguo, mpole, asiye na makuu, aliyemwamkia kila mtu na hakuna aliyekumbuka kumuuliza amelalaje. Ikafika siku watu wakaanza kuulizana harufu inatoka wapi. Walipofungua mlango walimkuta amekwisha kufa, na si siku hiyo wala jana yake. Hakuibiwa, hakupigwa. Alikufa tu, ukuta mmoja na watu waliokuwa wakipika na kugombana na kucheka. Mtaa ule ulikuwa ukijisifu kwa usalama: lango la chuma, taa kila pembe, zamu za ulinzi ambazo hata mwenye homa hakuzikwepa. Wezi walipita mbali. Na yote hayo hayakumsaidia bibi wa watu kitu.

Mwenyekiti wa wakazi, muuza duka la pembeni, aliitisha kikao. Huyu bwana hata mvua ikichelewa huitisha kikao. Mmoja alitaka kengele kila chumba. Mwingine alitaka watu wapigiane simu asubuhi, akaulizwa nani atanunua vocha, akakaa. Mama Pindo alikuwa ameegemea nguzo, macho yako mbali, watu wakadhani amesinzia. Kumbe alikuwa anaona madirisha. Aliyaona yote kwa pamoja, asubuhi, yana rangi.

"Kitambaa," alisema.

"Kitambaa gani, mama?" Mwenyekiti aliuliza.

"Anayeishi peke yake akiamka atundike kitambaa dirishani. Jioni akitoe. Ambaye jua limeingia uani na hajatundika, tunamwendea. Basi."

Walicheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Wiki ile alikusanya vipande vyote vilivyobaki kwenye mishono ya watu, akakata, akapiga mapindo, akagawa. Wanaoishi peke yao walikuwa wengi kuliko ua ulivyodhani. Kila mmoja alipata rangi yake. Ya Mzee Koki ilikuwa samawati, ile ya sketi za shule. Akakipokea, akakigeuza, akasema ni kidogo sana kwa bendera na ni kikubwa sana kwa leso, kisha akakibana kwa pini kwenye nondo za dirisha kwa ndani.

Ikawa desturi. Asubuhi ua ulikuwa ukifunguka rangi moja moja, kijani kule, manjano hapa, nyekundu ya mwalimu mstaafu, na Mama Pindo akiwa kwenye cherehani aliona kana kwamba yeye ndiye anayeuamsha mtaa kwa uzi wake. Watu waliupenda utaratibu kwa sababu ulikuwa mwepesi. Unainua macho, unaona rangi, unakwenda zako. Zamani ilibidi usimame umuulize mtu hali, akupe habari za mgongo wake na za mpwa wake asiyeandika. Sasa salamu zilipungua, na kwa kuwa zilipungua taratibu hakuna aliyeona.

Kisha kikatokea kituko. Asubuhi moja jua liliingia uani na dirisha la samawati halina kitu. Mwenyekiti akagonga. Kimya. Akagonga tena, vijana wakaja, mlango ukavunjwa, watu wakamiminika ndani na vilio vyao mkononi. Mzee Koki alikuwa kitandani na kaptula ya kulalia, mdomo wazi, anakoroma. Alikuwa amekesha na redio. Akafumbua macho akakuta mtaa umesimama juu yake.

"Mmekuja kunizika au kunioza?" aliuliza.

Walicheka wiki nzima. Yeye hakucheka. Alirekebisha mlango mwenyewe, akafunga komeo nene ambalo ng'ombe asingeling'oa, na jioni ile alisimama karibu na cherehani akiangalia pembeni, kama afanyavyo mtu mwenye ombi.

"Mama Pindo. Siku nyingine ukipita ukaona sijatundika, nitundikie wewe. Kiko hapo hapo kwenye nondo, mkono unafika. Mzee aliyekesha ana haki ya kulala."

"Na kama umekufa?"

"Basi nitakuwa sina haraka."

Wakacheka, naye akaahidi. Ilikuwa ahadi ya huruma. Hakupenda kumwona mzee yule akipita uani kichwa chini kwa sababu ya kaptula.

Asubuhi yenyewe ilikuja na ukungu mwepesi. Mwanga ulikuwa laini, wa rangi ya maziwa, na sauti zote zilifika zikiwa zimefunikwa, ndoo, ufagio, mlango wa mtu. Mama Pindo alitoka chumbani, ndara zake zikipiga sakafu, usingizi haujamwisha vizuri. Alipofika dirishani kwa Mzee Koki aliona nondo tupu kwa nje. Pazia lilikuwa limefungwa. Nyuma ya pazia redio iliongea kwa sauti ya chini, mtu anasoma habari za hali ya hewa.

Aliinua mkono agonge. Mkono ukasimama hewani. Akakumbuka kaptula, akakumbuka ahadi, akatabasamu peke yake. Amekesha tena huyu. Akapitisha vidole kati ya nondo, akakivuta kitambaa, akakitundika nje, akakinyoosha kwa kiganja mpaka pindo likakaa sawa.

"Lala, mzee," alinong'ona, akashuka ngazi.

Siku hiyo alikuwa anashona mapazia ya mtu, kitambaa kirefu cheupe kisicho na kona wala mkono, mstari mmoja tu unaokwenda na kwenda. Hakuna kazi inayootesha kama hiyo. Mguu ukakanyaga, sindano ikaimba, kitambaa kikamwagika upande wa pili kama maji yanayotoka bombani taratibu. Ukungu ukainuka. Kila alipoinua macho aliona samawati kule juu, na kila alipoiona moyo wake ulitulia, na kutoka kwenye ule utulivu akili yake ikaanza safari.

Akamwona Mzee Koki anaamka. Anakaa ukingoni mwa kitanda, anatafuta miwani, iko kichwani. Anaigombeza redio kwa jambo ililosema. Anaweka maji jikoni, anasahau kuwasha, anarudi anawasha. Anakunywa chai yake ya rangi kwa kelele, kwa kuwa hakuna wa kumkataza. Akamwona anasimama mbele ya kioo na wembe, shavu moja limenyolewa na jingine bado, anasikiliza bomba la jirani ukutani. Aliyaona hayo kwa raha sana. Aliona hata mvuke wa chai. Mwenyekiti alipopita na magazeti kwapani alitupa jicho juu.

"Naona Mzee Koki yuko macho."

"Yuko macho," alisema Mama Pindo, na hakuwa anadanganya. Alikuwa amemwona.

Mwalimu mstaafu akapita, akainua macho, akaenda zake. Mwenye kupeleka maji akapita, akainua macho. Ua mzima ulipita chini ya dirisha lile ukatulizwa. Jua liliingia, likapanda ukutani, likakifikia kitambaa, na rangi yake ikang'aa vizuri sana.

Ilikuwa jua limekaa utosini aliposhuka ngazi Muuguzi, binti wa chumba cha chini, aliyerudi kutoka zamu hospitalini, macho mekundu na viatu mkononi.

"Shikamoo mama. Bomba langu limeanza tena. Mzee yupo?"

"Marahaba mwanangu. Yupo, nimemwona asubuhi."

"Afadhali. Ulimwona wapi, maana nimegonga hajibu?"

"Pale pale dirishani. Alikuwa anatun..."

Neno halikumalizika. Mguu ukasimama juu ya kanyagio. Mama Pindo alitazama kitambaa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akauona mkono uliokitundika. Ulikuwa wake.

"Mama? Vipi?"

"Sikumwona," alisema. "Mwanangu, sikumwona."

Hakujua alivyopanda ngazi. Ndara moja ilibaki chini. Aliita "Mzee Koki! Mzee Koki!" na aliyejibu ni redio, mwanamke anaimba. Akaingiza mkono kati ya nondo akalivuta pazia kwa nguvu mpaka pete zilizolishika zikakatika.

Alikuwa sakafuni, chini kabisa ya dirisha. Mtu aliyesimama pale nje na mtu aliyelala pale ndani wangeweza kushikana mikono kama si ukuta. Mdomo wake ulikuwa umeenda upande. Macho yalikuwa wazi na yalimtazama.

Komeo lile nene liliwatoa watu jasho. Mwenyekiti aliomba nyundo, nyundo ikaletwa, nyundo haikutosha, ikatafutwa nondo. Muuguzi aliongea na mzee kupitia dirishani muda wote, "Tunakuja, babu, tunakuja, usifumbe macho," na Mama Pindo alisimama nyuma yake na kipande cha pazia mkononi. Hatimaye mlango ukakubali. Wakambeba na godoro lake mpaka kwenye gari la jirani.

Ilikuwa kiharusi. Hakufa. Jioni Muuguzi alirudi na habari, akawapa watu waliomsubiri uani. Upande wa kulia umelala, na ulimi ni mzito.

"Daktari anasema alianguka alfajiri," alisema. "Angewahishwa asubuhi, huenda mkono ungepona. Sasa tuombe Mungu."

"Lakini alitundika kitambaa," alisema Mwenyekiti, akatazama huku na huku kama wakili. "Sote tumekiona. Alitundika ndipo akaanguka. Nani angejua? Utaratibu wetu hauna kosa."

Watu wakaafiki. Iliwapa faraja. Mama Pindo alifungua mdomo, na Mwenyekiti akamgeukia kabla hajasema.

"Na huyu mama! Bila moyo wake kushtuka, tungekuwa tunachimba kaburi. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Machozi yakamtoka, naye Mwenyekiti akasema kwa upole, "Mwacheni, analia kwa furaha." Watu hupenda kuvikana kilemba cha ukoka, lakini ni wachache waliowahi kukivaa kikawabana hivyo. Alipanda ngazi amekivaa, akapita dirisha lile bila kulitazama.

Siku zilizofuata hakwenda hospitali. Alituma supu kupitia kwa Muuguzi, akatuma shuka safi, akatuma shati lililopigwa pasi, na kila alipoulizwa atakwenda lini alikuwa na sababu, mara goti, mara kazi ya harusi ya mtu. Ukweli ni kwamba aliogopa macho yale. Yalikuwa yamemtazama kutoka sakafuni, na hakujua yalikuwa yameona nini au kusikia nini tangu alfajiri. Akilala alijiuliza. Akiamka alijiuliza.

Ndoto zake nazo zikamkimbia. Ndiyo adhabu aliyoihisi zaidi, ingawa hakuna mtu angeielewa. Akishona gauni aliona gauni, akishona suruali aliona suruali, na akiacha akili iende, ilikwenda juu ngazini na kusimama mbele ya pazia lililofungwa. Kitambaa cha samawati bado kilikuwa kimetundikwa. Mwenyekiti alikataza kisitolewe, eti chumba kisionekane kimehamwa. Kikakaa pale mchana na usiku, jua linakichuja rangi, kinamwambia kila apitaye kwamba Mzee Koki yuko salama ndani. Mama Pindo aliigeuza cherehani ikatazama ukuta. Siku ile alishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja.

Ua nao uliendelea na desturi yake, kijani, manjano, nyekundu. Asubuhi moja, akishuka, alimwona mke wa mwenye kupeleka maji ananyoosha mkono kwenye dirisha la bibi kiziwi wa jirani, anavuta kitambaa cha manjano nje, na kuendelea na ndoo zake. Aliganda pale ngazini. Alitaka kupiga kelele. Alikwenda akagonga mlango wa bibi kiziwi kwa ngumi mbili mpaka yule bibi akafungua, mzima, na mswaki mdomoni, akamuuliza kuna moto wapi. "Hakuna moto, bibi," alisema Mama Pindo. "Nilitaka kukuona."

Mzee Koki alirudishwa kabla ya mvua. Alipandishwa ngazi juu ya kiti, vijana wanne wanahema, Mwenyekiti anaelekeza, ua mzima unasema pole na karibu nyumbani. Mama Pindo alisimama nyuma ya watu wote. Aliona kisogo chake, kimenyolewa vibaya. Akasubiri watu wapungue. Wakapungua. Akasubiri waishe. Wakaisha, na hakukuwa tena na sababu ya kusubiri.

Alipanda. Mlango ulikuwa wazi. Mzee alikuwa amewekwa kwenye kiti karibu na dirisha, mkono wa kulia umelazwa mapajani kama kitu cha kuazima. Redio ilikuwa kimya. Mama Pindo aliingia akasimama katikati ya chumba.

"Pole, mzee wangu."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaanza kusema, na ilikuwa kazi. Kila neno alilitafuta, akalipata, akalisukuma litoke.

"Nili... kusikia."

Mama Pindo alikaa kitandani.

"Ndara," alisema mzee. "Nikajua... ni wewe. Nikaita. Sauti... haikuja. Nikaona... vidole. Nikasema, ameniona. Anakwenda... kuita watu." Akapumzika. "Nikangoja."

Nje mtu alikuwa akimwaga maji uani. Mama Pindo alikuwa akilia bila kujificha, kama mtoto, na aliyoyaficha siku zote zile yakamtoka bila mpangilio. Kwamba alidhani amelala. Kwamba alimwonea huruma. Kwamba asubuhi nzima alikuwa akimwona anakunywa chai, anamwona kabisa, mzee, wallahi nilikuona, na hukuwapo. Kwamba wamempigia makofi naye akayapokea. Kwamba mkono ule ni yeye aliyeuua.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa mgumu kusomeka, nusu yake haikuwa na la kusema.

"Mimi... ndiye niliye... kutuma," alisema.

"Ulinituma kutundika. Hukunituma nisikutazame."

Hakubisha. Pengine angetaka kubisha na ulimi ukawa mzito, pengine aliona mama amesema kweli. Kisha akauliza, "Umewa... ambia?"

"Bado."

"Waambie."

Alisema uani jioni ile ile, bila kungoja kikao, amesimama kwenye ngazi ya kwanza, watu wanapita na masufuria na ndoo zao. Alisema mimi ndiye niliyetundika. Wakasimama. Alisema yote, na alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mke wa mwenye kupeleka maji aliweka ndoo chini. "Hata mimi humtundikia bibi," alisema kwa sauti ndogo. "Namwonea huruma kuamshwa." Kijana mmoja akasema humtundikia mjomba wake, ambaye husahau. Mwalimu mstaafu akakohoa, akakiri kwamba chake hulala nje usiku kucha siku hizi, anaona uvivu kukitoa. Walitazamana. Mwenyekiti alikuwa ameinua kidole aseme neno, na kwa mara ya kwanza katika uhai wa mtaa ule akakishusha bila kusema. Aliyekuwa amekasirika alikuwa Muuguzi peke yake. Alimtazama Mama Pindo kwa muda mrefu, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, na ilichukua siku nyingi kabla ya kumwamkia tena. Hakuwa na kosa.

Vitambaa vikashushwa. Wakakubaliana kwamba kila asubuhi mtu aende mlangoni kwa mwenzake, aite, na asiondoke mpaka aitikiwe. Wengine walinung'unika kwamba ni kazi, na kweli ni kazi, maana ukiitikiwa husimuliwi habari ya uzima tu, husimuliwa pia ya mgongo na ya mpwa asiyeandika. Sauti ziliongezeka uani asubuhi. Rangi zilikosekana, na Mama Pindo alizikumbuka kwa uchungu, kwa kuwa zilikuwa nzuri.

Asubuhi ya kwanza alitoka chumbani mapema. Ukungu ulikuwa umeshuka tena, ua hauonekani, angeweza kudhani anatembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Akasimama mlangoni kwa Mzee Koki, akavua ndara, akazivaa tena. Akagonga.

"Hodi."

Ndani hapakusikika kitu. Akili yake ikainuka, kama ilivyozoea, ikaanza kumwonyesha mzee yuko kitandani, mzee anatafuta miwani. Akaikataza.

"Hodi, mzee wangu."

Kitu kilisogea. Pumzi ya mtu ikavutwa, sauti ikaanza, ikakwama, ikaanza upya. Mwenye kupeleka maji alipita nyuma yake, akauliza kama kuna tatizo, naye akamnyamazisha kwa mkono. Neno lile lilikuwa refu kwa ulimi ule, na lilikuja polepole sana, ka, kisha ri, na Mama Pindo akasimama pale pale mlangoni, kiganja kwenye mbao, akalisubiri mpaka likafika.